Aliyekuwa Nyuma ya Vijiti

Magoti ya Isaiah arap Mutai yalistaafu kabla ya mwenyewe. Miaka mingi alichuchumaa nyuma ya vijiti vitatu kwenye uwanja wa kriketi wa shamba la chai la Kaplelmet, na siku za kazi alisimama kwenye mizani akiandika kilo za wachumaji. Sasa alikuwa nyumbani kwake karibu na Silibwet, na ng'ombe wawili na chai kidogo, na kuchuchumaa chini ya ng'ombe ilikuwa kazi ya kuombewa. Alikamua akiwa amekalia debe. Mkewe Chepngetich alimwambia aajiri mtu. Alikataa. Alijifunza kusoma akiwa tayari baba wa watoto, kwenye darasa la ngumbaru, kwa mwanga wa karabai, baada ya kazi ya kutwa, na hakuwa tayari kushindwa na kiwele.

Asubuhi moja ya Agosti, mwaka wa tisini na saba, aliinua macho juu ya mgongo wa ng'ombe akamwona mtu amesimama langoni, kofia mkononi. Hakumjua mpaka alipojitaja. Alikuwa Gekara, kaka mkubwa wa Nyaberi, mwenzake wa zamani wa kriketi, kutoka upande wa Wakisii, ng'ambo ya Chepilat. Hakuna mtu wa upande ule aliyekanyaga ua huo tangu mwaka wa moto, wakati nyumba za mpakani zilipochomwa pande zote mbili na kila mtu akakimbilia kwao. Hakuna aliyekataza kutembeleana. Watu walijikataza wenyewe, kisha wakazoea.

Isaiah alijua habari kabla ya kuambiwa. Mtu hatoki mbali vile, kofia mkononi, kwa ajili ya salamu.

"Nyaberi ametuacha," Gekara alisema.

Isaiah alimaliza kukamua, maana ng'ombe hajui msiba. Kisha alimkaribisha mgeni ndani, Chepngetich akaandaa chai, na utando ukafunika vikombe bila mtu kuvigusa.

Hakuna aliyefanya kazi Kaplelmet siku zile asiyemjua Alexander Nyaberi. Siku za juma alichuma chai. Jumamosi alirusha mpira. Timu ya klabu ilikuwa ya mameneja, ya Wahindi wachache wenye maduka Kericho mjini, na ya makarani waliojitia kimbelembele kama Isaiah. Wachumaji waliitwa tu kuokota mipira iliyopotelea kwenye chai. Siku moja Nyaberi aliokota mpira na, badala ya kuurudisha kwa heshima, akaurusha. Uligonga nyasi, ukasita kama unaofikiri, ukageuka kushoto na kung'oa kijiti cha mhasibu aliyekuwa akipiga. Tangu siku hiyo hakutumwa tena kuokota.

Hakuwa na mbio. Hatua zake zilikuwa chache, za mtu anayekwepa dimbwi, mkono unazunguka juu, na vidole vile vilivyozoea kukonyoa majani mawili na chipukizi vinausokota mpira dakika ya mwisho. Alivaa kofia ya sufi ya zambarau yenye kishada, aliyofumiwa na mkewe Bosibori, jua liwake mvua inyeshe. Kabla ya kumrushia mpigaji alimwamkia kwanza, akamuuliza habari za watoto na mifugo, na mpigaji asipojibu alimlalamikia refa kwamba si vizuri kumtoa mtu ambaye hamjasalimiana. Mipira yake ilikuwa na majina. Uliogeuka sana uliitwa Mke wa Pili. Uliokwenda wima wakati kila mtu anangoja ugeuke uliitwa Mlokole. Akitaka refa akubali kwamba mtu ametoka, hakupiga kelele kama wengine. Alivua kofia na kupiga magoti pale pale. Siku alipomtoa meneja mkuu kwa mpira wa kwanza, kambi nzima ya wachumaji ilidhani amejifukuza kazi. Kesho yake alifika kwa meneja na mkungu wa ndizi begani, akamwambia pole kwa msiba. Meneja alicheka mpaka akakaa chini, na ndizi akala.

Na nyuma ya vijiti alikuwa Isaiah. Mlinda vijiti hana budi kujua mpira utakwenda wapi kabla ya mpigaji kujua, kwa hiyo wawili hao walikuwa na lugha yao, nayo ilikuwa Kikipsigis, ambacho Nyaberi alijifunza kambini. Akisema "Chamgei", ambayo ni salamu tu, Isaiah alijiandaa kwa Mke wa Pili. Akiongeza "mising", yaani sana, alijua Mlokole anakuja. Wageni kutoka Kisumu na Nakuru waliona hiyo ni adabu njema. Na kila mara Isaiah aliporudisha mpira, Nyaberi alisema "Kong'oi", asante, hata siku walizokuwa wakishindwa vibaya.

Mwaka wa moto ulipofika, Nyaberi aliondoka kambini alfajiri na mkewe, godoro wakaliacha. Isaiah alikuwa Bomet kwenye matanga ya shemeji yake. Aliporudi, chumba kilikuwa wazi, kimefagiliwa.

Sasa Gekara alieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kulia. Kifo kilikuwa cha kawaida: kifua, hospitali, siku chache. Tatizo lilikuwa kaburi. Kwao kaburi huchimbwa na majirani. Nyumba ikijichimbia yenyewe imejitangaza kuwa na laana, na waliobaki humo hawatapewa kaa la moto wala kusalimiwa mtoni. Mwili ulikuwa umeletwa nyumbani juzi, na hakuna jirani aliyeshika jembe.

"Kwa nini?" Isaiah aliuliza.

Gekara aliutazama mlango kwanza. "Wanasema alikuwa mchawi."

Kila alfajiri, alisema, watu walimwona Nyaberi malishoni, kwenye ukungu, akizungusha mkono hewani na kunong'ona, akirusha kitu chekundu kwenye vijiti vitatu alivyochomeka ardhini. Alikirusha, akakifuata, akarudi, akakirusha tena. Siku moja kitu hicho kilibingirika mpaka kwenye zizi la Joab, jirani wa chini, na kabla ya mwezi kwisha ng'ombe wa Joab akafa. Bosibori alijaribu kueleza kuwa ni mchezo wa huko kwenye chai, lakini ushahidi wa mke ni wa nyumba ile ile. Gekara mwenyewe hakuwahi kuuona mchezo huo. Hakuwahi kutoka kwao hadi siku hiyo. Tena ng'ambo ya kilima chao kulikuwa na msingi wa nyumba uliobaki masizi matupu, wa mama mmoja aliyesemwa hivyo hivyo. Sasa watu walikuwa wameanza kumtazama Bosibori.

"Bosibori anasema wewe ndiye ulikuwa unamjua kwa mambo hayo," Gekara alisema. "Sijui kama watakusikiliza. Wewe ni wa huku."

Isaiah aliyatazama magoti yake. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa asubuhi hiyo. Alichoshwa na ile miaka ya kutazama barabara ya Chepilat kama mto usio na daraja, na kila mtu kuona ni sawa tu. Chepngetich hakumwambia aende wala asiende. Alitoa koti la mumewe sandukuni, akalikung'uta, akaliweka juu ya kiti.

Walipanda lori la kabichi hadi Chepilat. Njiani Isaiah alipanga maneno yake, Kiswahili kilichonyooka, tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Waliposhuka na kuvuka barabara, wanawake waliokuwa wakiuza ndizi walinyamaza. Masikio yake, yaliyotobolewa na kuvutwa alipokuwa kijana, yalimtangaza kabla hajafungua kinywa. Mmoja aliitikia salamu yake. Gekara alitembea karibu naye, bega kwa bega, hadi wakaingia vichochoroni.

Boma la Nyaberi lilikuwa kwenye mteremko. Watu walikuwepo, tena wengi, lakini walikaa juu ya ukingo wa njia, nje ya ua, na manyunyu yakiwalowesha. Majembe mawili ya Gekara yaliegemea ukuta, makavu. Katikati ya ua kulikuwa na jiwe, na juu ya jiwe karai lililopinduliwa.

Bosibori alitoka mlangoni. Alikuwa amekonda, lakini ulimi haukuwa umekonda.

"Shemeji," alisema, "mpira wenu uko chini ya karai. Wameufunika, usije ukawatazama."

Isaiah aliwasalimia watu wa ukingoni, akavua kofia, akasema maneno yake. Alieleza vijiti, mrushaji na mpigaji, na kwa nini mpira hugeuka. Aliposikia sauti yake mwenyewe alijua hayaendi popote. Nyuso zilikuwa zile za watu kanisani wakati matangazo yamezidi. Mtoto alilia akapelekwa pembeni.

Aliyesimama kumjibu alikuwa Joab mwenyewe, mtu mrefu aliyevaa gambuti. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu aliyepoteza ng'ombe.

"Mzee wa ng'ambo, tumekusikia. Ni mchezo. Unachezwa na watu wangapi?"

"Kumi na mmoja kila upande."

"Na huyu alikuwa peke yake." Watu waliguna. "Nimemsikia kwa masikio yangu, kwenye ukungu, akisalimia kwa lugha yenu. Chamgei. Chamgei. Kila siku ya Mungu. Mbele yake kuna vijiti vitatu, na nyuma ya vijiti hakuna mtu. Wewe umesoma, tuambie. Alikuwa akimsalimia nani?"

Hilo Isaiah hakuwa ameambiwa. Gekara alisema Nyaberi alinong'ona. Hakusema alinong'ona nini. Maneno yote aliyoyapanga kwenye lori yalimtoka kichwani.

"Mimi," alisema.

Watu wa ukingoni waliinua shingo.

"Nyuma ya vijiti ni mahali pangu. Hapo ndipo nilipokaa miaka yote ile. Mliona hapana mtu kwa sababu mimi nilikuwa Silibwet." Alimgeukia yule mrefu. "Bwana Joab, ngoja nikuulize. Alipokwisha kusema chamgei, mkono wa kushoto alifanyia nini?"

Joab aliwatazama wenzake.

"Alishika kishada cha kofia. Halafu akalamba kidole kimoja. Halafu akaja kwa hatua fupi fupi, na ya mwisho ndefu, kama mtu anayeruka mfereji. Na siku alizosema chamgei mising, kofia hakuigusa kabisa. Sijawahi kufika hapa kwenu. Nani aliniambia?"

"Ni kweli," sauti ya mama mmoja ilisema kutoka ukingoni. Alikuwa Yunia, ambaye shamba lake la mahindi lilipakana na malisho. "Kofia alikuwa anashika. Mimi nilifikiri ni chawa."

Mtu alicheka, akajizuia. Joab alitikisa kichwa, akasema watu wanaweza kupatana maneno mapema. Huyu ni rafiki wa marehemu, na rafiki huja na maneno yake tayari.

Isaiah hakubishana. Alikwenda kwenye jiwe akafunua karai. Waliokuwa karibu walirudi nyuma. Mpira ulikuwa mweusi kuliko alivyoukumbuka, wekundu umebaki pembeni mwa mshono tu, na mahali nyuzi zilipokatika mtu alikuwa ameshona upya kwa uzi wa gunia. Aliupangusa kwenye suruali, upande mmoja, kwa mazoea.

Alichomoa fito tatu kwenye bustani ya maharagwe akazisimika mwisho wa uwanja. Kisha akakumbuka jambo alilolisahau njia nzima: yeye hakuwahi kujua kurusha. Mpira wa mkono wake ulikwenda kama jiwe, wima, tangu ujana. Kazi yake ilikuwa kungoja. Aliwanyoshea watu wa ukingoni mpira. Hakuna aliyeshuka. Alimtazama Gekara, na Gekara, maskini, aliitazama mikono yake kama si yake.

Bosibori alikuja akauchukua.

"Nilikuwa namwona kila asubuhi kutoka jikoni," alisema, akikaza leso kiunoni. "Uji umeniungulia mara nyingi kwa sababu ya ujinga huu."

Isaiah alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Akashuka nyuma ya fito, na magoti yake yalilia mpaka watu wa ukingoni wakasikia. Alifungua viganja mbele ya kifua. Hakuwa na glovu. Kule mbele mama yule alisimama kwenye tope bila viatu, mjane, na nyumba nyuma yake ikiwa na maiti ndani na mlango wazi.

"Chamgei," Bosibori alisema, akashika fundo la kitambaa chake cha kichwa.

Hatua zilikuwa zake Nyaberi. Isaiah alitamani kufumba macho, ila mlinda vijiti hafumbi. Mpira ulipanda polepole, ukashuka, ukagonga udongo ulioshindiliwa na miguu ya miaka mingi, ukageuka. Haukuwa Mke wa Pili. Labda binti yake mdogo. Lakini uligeuka, watu wote wakiona, bila mtu kuugusa, na mikono ya Isaiah ilikwenda kushoto kabla yeye hajaituma. Ulimgonga kwenye shina la kidole, maumivu yakapanda hadi kiwiko. Hakuuachia.

Alitaka kusimama awaonyeshe. Magoti yakakataa. Alijaribu tena, akaegemeza mkono chini, akabaki pale pale, amechuchumaa kama kuku anayeatamia, mpira kifuani. Yunia ndiye aliyeanza kucheka. Kisha vijana wawili waliteremka ukingoni, wakapita kwenye ua ambao hakuna mtu aliyeupita tangu juzi, wakamshika makwapani.

"Kumbe wazee wa ng'ambo ni wazito hivi?" mmoja alisema.

"Ni maziwa," Isaiah alisema.

Walimwinua. Na kwa kuwa wawili walikuwa ndani na hawakudhurika, wengine nao walishuka. Zack, mwenye redio, alitaka kujua kama huu ndio ule mchezo ambao mwaka jana redio ilitangaza kwamba Kenya imewashinda watu wa visiwa vya West Indies. Isaiah alisema ndio huo huo. Zack akauliza mbona basi marehemu hakuwaambia.

"Aliwaambia," Bosibori alisema. "Mlikuwa mnamsikiliza Joab."

Joab alishuka wa mwisho. Watu walimwachia nafasi. Aliupokea mpira kwa vidole viwili, akaugeuza, akafuata mshono kwa ukucha. Kisha akaunusa, akanusa tena, kwa muda mrefu.

"Ni ngozi ya ng'ombe," alisema.

"Ndiyo," Isaiah alijibu. "Ni ng'ombe tu."

Joab aliurudisha. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyemtaka aombe. Alitazama mteremko, akatazama mawingu, akasema pale Gekara alipopima karibu na mparachichi pana mwamba chini, anapajua tangu alipochimbia nguzo; heri washuke kidogo, na waanze sasa kabla mvua haijashika. Akatuma kwake jembe liletwe.

Kazi iliendelea hadi alasiri. Isaiah alikaa kwenye kigoda chini ya upenu, akisikiliza majembe, bila nguvu ya kufurahi. Wapo waliokuwa bado wamekaa ukingoni, na hao wangebaki ukingoni hata mwakani. Kidole kilikuwa kimevimba kama mhogo. Bosibori alikuja na kitambaa akakifunga, kwa nguvu, bila kumuuliza kama kinauma.

"Kila aliporusha alisimama kidogo kabla hajaufuata," alisema huku akifunga fundo. "Mimi namwambia kutoka jikoni, wewe mwanamume, enda uchukue mpira wako. Ananijibu, ngoja. Anangoja. Kisha anakwenda mwenyewe."

Isaiah alikitazama kitambaa. Mama yule akainuka akaenda kuwapimia wachimbaji uji.

Jeneza liliposhushwa na pasta alipomaliza sala, watu waliinama kuchukua udongo. Isaiah hakuchukua udongo. Alisogea ukingoni mwa kaburi, Gekara akimshika kiwiko, akautoa mpira mfukoni. Mpira hurudishwa kwa mrushaji kutoka chini ya mkono, taratibu, ili usimuumize vidole. Aliurudisha hivyo. Uligonga ubao, ukabingirika kidogo upande wa kushoto, ukatulia.

Alingoja kidogo. Kisha akamwomba Gekara kiti.